Shikamoo Kutoka Juu ya Farasi

Nawasalimu wote, mlioketi huku mbele na ninyi mliobanana kule mlangoni kwa sababu ya mvua. Shikamooni wazee wangu. Mchungaji aliponiomba nije nieleze yaliyonipata, nilimjibu kwamba mimi si msemaji, mimi ni mkunga, na maneno yangu mengi ni kuwaambia wenzangu wasukume. Akasema nije hivyo hivyo. Kwa hiyo nimekuja. Nitasema Kiswahili ili ndugu zetu walimu na makarani waliotoka Tanga na kwingine nao waelewe, na pale ulimi utakaponiponyoka nikaingia Kishambaa, jirani amsaidie jirani yake.

Sitataja jina la mtu. Baadhi ya waliohusika wamo humu ndani, na wengine ni watu wakubwa. Nitakayemtaja ni farasi peke yake, maana yeye hana neno. Anaitwa Dachesi. Jina hilo alipewa na mama mmoja wa Kizungu aliyekuwa na shamba huku juu, ambaye alipofunga mizigo kurudi kwao Ulaya alimwachia hospitali ya misheni mnyama huyo pamoja na tandiko lake. Na nawaomba radhi mapema, leo nitajisifu. Kuna watu wakitoa ushuhuda hujishusha mpaka unawaonea huruma. Mimi nimeshushwa na farasi vya kutosha, sioni haja ya kujishusha tena.

Kazi yangu mnaijua. Na milima yetu mnaijua. Kijiji unakiona kwa macho kule ng'ambo, hata jogoo wao unamsikia, lakini kukifikia ni kushuka bonde zima na kupanda tena. Mwanamke akishikwa uchungu, anatumwa mtu aje kuniita, anafika jua limeshapanda. Nami natoka kwa miguu na mfuko wangu, nafika jua linazama. Mara nyingi nilifika nikakuta wanawake wamekaa nje ya nyumba, khanga wamejifunika kichwani, nikajua bila kuuliza. Dada yangu, tumbo moja, alikufa namna hiyo kabla sijasomea ukunga. Walikuwa wanampeleka hospitali kwa machela, akafia kwenye mteremko, mtoto akiwa bado tumboni. Mimi nilikuwa nyuma ya machela nimebeba kibuyu cha maji. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndugu zangu, na sitaki liache kuniuma.

Basi Dachesi alipoletwa, Sista, yaani yule mkubwa wa wauguzi aliyenifundisha kazi, alituita akauliza nani atampanda aende vijiji vya mbali. Wauguzi wanaume wakatazama viatu vyao. Mmoja akasema anaumwa mgongo. Mwingine akasema mnyama mwenye macho makubwa namna ile lazima ana mawazo yake. Nikasema mimi nitapanda. Sista akanipa suruali yake ya kaki niivae ndani ya sketi, na mama yangu alipoiona kwenye kamba ya nguo aliuliza ni ya mwanamume gani. Nilipomwambia ni yangu, hakusema nami mpaka tulipokula.

Kukaa juu ya Dachesi akitembea polepole hakukunishinda. Mtunza bustani alimshika kichwa siku za mwanzo, nikajua kuvuta hatamu kushoto na kulia, nikajiona nimehitimu. Taabu ilikuwa salamu.

Hapa wageni wetu wanisikilize vizuri. Mtoto wa Kishambaa, na zaidi akiwa mwanamke, hamsalimu mzee huku kichwa chake kimepita cha mzee. Ukikutana naye njiani unasogea upande wa bondeni, uwe chini yake, unainama, unasema shikamoo, unangoja uitikiwe, unaulizwa habari za nyumbani na za wagonjwa na za mahindi, ndipo unapita. Sasa mimi nimekaa juu ya mnyama, nimeipita kofia ya kila mzee wa milima hii. Nifanyeje? Nilikuwa nashuka.

Kushuka si kazi. Kupanda tena ndiyo mashaka, maana farasi ni mrefu na mimi mnaniona nilivyo. Nilihitaji jiwe au kisiki, na wazee hawana desturi ya kukutana nawe penye kisiki. Namvuta Dachesi mpaka nipate pa kukanyagia, napanda, naenda kidogo, mara anatokea bibi na kuni zake, nashuka. Siku moja nilitoka Magamba pamoja na mama mmoja aliyejitwisha kikapu cha viazi. Nilipofika nilikokuwa naenda nilimkuta ameshauza viazi vyote na amekaa anakunywa uji. Akanikaribisha. Yeye alikuja kwa miguu.

Nikabuni njia yangu. Nikimwona mzee naachia hatamu, naweka mkono kifuani, nalala mbele mpaka kitambaa changu cha kichwa kinagusa shingo ya farasi, halafu nasema shikamoo. Nikaona nimepata dawa. Nisichokijua ni kwamba ukilala mbele namna ile, miguu yako inarudi nyuma yenyewe na visigino vinamgusa farasi mbavuni, na kwa farasi aliyefundishwa, hiyo ni amri ya kukimbia. Dachesi alikuwa mtu mzima, akanivumilia. Alitikisa masikio tu, kama mtu anayesikia amri asiyoamini. Lakini uvumilivu wake ulimwishia siku mbaya, siku niliyokutana na mzee mmoja wa Vuga.

Mzee huyu ni wa ukoo mkubwa, ukoo ambao babu zetu walikuwa wakiupelekea kodi kabla Mjerumani hajaja, sembuse Mwingereza. Alikuwa anatoka kwenye matanga na wenzake, wamevaa makoti, wanatembea kwa utaratibu. Mimi natoka kumtazama mama mmoja aliyejifungua salama, moyo wangu mweupe. Kwa mzee kama yule kuinama kidogo hakutoshi. Nililala mzima mzima juu ya shingo ya farasi, visigino vikabana kwelikweli, na Dachesi akasema, leo huyu mwanamke amekusudia. Akaondoka. Mimi nikabaki. Nilianguka miguuni pa mzee, sketi imenifunika kichwa, kaki ya Sista iko nje, na mtulinga umevunjika.

Wale wenzake walicheka. Mmoja alishika mgomba ili asianguke. Mzee mwenyewe hakucheka. Alinigeuzia mgongo, akaingia migombani, na sikumwona tena. Wanawake waliokuwa wakipalilia karibu ndio walionifunga mkono kwa khanga na kunirudisha. Njia nzima nilikuwa nalia, na si kwa sababu ya mfupa. Nilikuwa nauona ule mgongo. Nilisema moyoni, nimemvunjia mzee heshima mbele ya watu, akaona hata kunikemea ni kunipa cheo.

Mfupa uliunga. Sehemu nyingine zilikataa. Nikisogea kwenye banda la Dachesi, naishia mlangoni, na yeye mnyama wa watu amenyoosha shingo anataka ganda la ndizi. Mara tatu Sista alitaka nipande, mara zote nilipata kazi nyingine ya haraka. Nilifua mashuka yaliyokuwa safi. Sokoni watoto walikuwa wameshatunga mchezo, mmoja anakuwa farasi, mwingine anapanda mgongoni, anasema shikamoo, anaanguka. Nilipita nikijifanya sioni, nafika nyumbani nalia. Mama akaniambia ningemsikiliza yeye tangu siku ya suruali yasingenikuta.

Halafu Sista akaniita. Akasema wakubwa wa hospitali wamekaa na kuamua kwamba farasi anakula na hafanyi kazi. Masika yakianza kabla hajapata mpandaji, atauzwa, na vijiji vya ng'ambo vitasubiri kama zamani. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Nilitoka pale nikakaa nyuma ya jiko la hospitali, nikamwaza dada yangu, nikaona machela nyingine na nyingine zikiteremka kwenye mteremko ule ule, na mimi nimebeba kibuyu tena. Nikarudi ndani nikamwambia Sista, mtafute mtu anifundishe upya, na asinionee huruma.

Akampata. Huyu alikuwa saisi, mtunza farasi wa Wazungu pale Lushoto, mtu wa Pangani, kofia yake nyeupe imepigwa pasi, na kila alilosema lilianza na mimi. Mimi nimefundisha wake za mabwana wakubwa. Mimi nimemtuliza farasi aliyewashinda Wazungu watatu. Mimi sijui mnaishije katika baridi hii. Nilimchukia siku ile ile, na nadhani ndiyo sababu nilijifunza.

Alinipandisha Dachesi, akanizunguka mara moja, akaniambia: "Wewe hukai. Unaomba msamaha. Farasi hajui umekosa nini, kwa hiyo naye anaogopa."

Akaanza kuvua vitu. Akaondoa hatamu mkononi mwangu, akazifunga kwenye tandiko nisizifikie. Akaondoa vile vikuku vya chuma vya kutilia miguu. Nikamuuliza, sasa nitashika nini? Akasema hutashika kitu. Akatoa kamba ndefu, akaifunga kwenye kigwe cha puani cha Dachesi, yeye akasimama katikati ya uwanja nyuma ya hospitali, na farasi akaanza kumzunguka duara, mimi nikiwa juu kama mzigo uliosahauliwa. Kuongoza ni kazi yangu, akasema. Kusimamisha ni kazi yangu. Kazi yako moja, kukaa.

Ndugu zangu, nawaambia, kukaa ni kazi. Mwanzoni nilishika manyoya ya shingo kwa vidole vyote na yeye hakunikataza. Akangoja. Baada ya mizunguko mingi akasema achia mkono mmoja. Kesho yake mwingine. Nikaweka mikono kiunoni. Nikainyoosha kama ninayeanika khanga. Nikajipindua kutazama mkia wa farasi, nikagusa masikio yake, nikafumba macho na kuhisi kila mguu unavyokanyaga chini yangu. Kila nilipokakamaa niliteleza, na kila nilipolegeza mapaja na kunyoosha mgongo mwili ulijirudisha wenyewe katikati. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Mimi nilidhani mtu hakai juu ya farasi ila kwa kumbana.

Kosa langu lingine lilikuwa kubana pumzi. Saisi akaniamuru niimbe, maana anayeimba hana budi kuvuta pumzi. Nikaimba wimbo wa kanisani. Tulipofika kwenye mwendo wa mchakamchaka, ule unaokurusha rusha mpaka meno yanagongana, akalalamika kwamba nyimbo za Kilutheri ni nzito, zinamlaza farasi, akauliza kama hatuna wa haraka. Nikamwambia sisi hatukimbii kumwendea Mungu. Akacheka mpaka kamba ikalegea. Kuanzia hapo nilianza kumpenda kidogo. Nilianguka tena, ndiyo, niliteleza upande kwenye majani mazuri, nikakaa pale chini nikajipapasa, nikaona niko mzima. Nikacheka mwenyewe. Sista aliyekuwa dirishani alifunga pazia, akidhani nimechanganyikiwa.

Nikawa hodari. Nawaambia bila haya, nikawa hodari. Nikaenda mchakamchaka bila vikuku, bila hatamu, mikono kifuani, mgongo wima, naimba. Saisi akaanza kusema sisi badala ya mimi.

Ndipo akapita babu mmoja. Alikuwa anakuja kumwona mgonjwa wake, akasimama kando ya uwanja kushangaa. Nikamwona. Sikuwaza hata kidogo. Mgongo ukainama wenyewe, mkono ukaenda kifuani, nikalala mbele, shikamoo babu, na Dachesi akaruka. Kamba ndiyo iliyotuokoa. Saisi alivutwa hatua kadhaa akiburuza visigino, akatusimamisha, akaja amewaka hasira. Nikamweleza. Akatazama mahali babu alipokuwa.

Akaniambia dawa ni rahisi, usiwasalimu. Pwani sisi tunapita juu ya punda tunapunga mkono, tumemaliza. Nikamwambia mimi nimezaliwa hapa, nikimpita mzee bila shikamoo hakuna nyumba itakayonifungulia mlango, hata mkewe awe anakufa ndani. Akasema basi salimu bila kuinama. Nikamwambia mgongo wangu hauwezi, nimeinama tangu nikiwa nambeba mdogo wangu mgongoni. Tukagombana pale mbele ya farasi. Alijua yote ya farasi, na mimi nilijua yote ya wazee, na hatukuweza kuyaunganisha. Alikunja kamba yake akaondoka. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima wa Magamba, na mtu wa kumnunua Dachesi alikuwa ameshakuja kumkagua meno.

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipogeuka. Nilitafakari nikaona kwamba ruhusa ninayoitafuta haiko kwa saisi, wala kwa Sista, wala kwa wakubwa wa hospitali. Iko kwa wazee. Na kama nitaiomba, niiombe kwa yule niliyemwangukia. Nikavaa khanga yangu nzuri, nikaenda Vuga kwa miguu. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa farasi. Nilifika nyumbani kwa mzee nikapiga magoti nje ya mlango, nikasalimu kwa Kishambaa, onga mshi, na nikangoja.

Alitoka, akanitazama sana. Nikamwomba radhi kwa siku ile. Nikamweleza habari ya kuinama na visigino, habari ya kamba na mtu wa Pangani, na habari ya dada yangu, ambayo sikuwa nimepanga kuieleza. Nikasema, baba, nifanyeje nikusalimu bila kufa?

Mzee akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Akasema hakukasirika siku ile. Aliingia migombani kwa sababu alikuwa anacheka, na mtu wa umri wake hawezi kumcheka majeruhi hadharani. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema, na alipotoka mimi nilikuwa nimeshapelekwa. Nilimtazama nikaona mabega yake yameanza tena. Miezi yote ile, jamani, nimebeba mgongo wa mtu aliyekuwa anajificha acheke.

Kisha akawa mkavu, akaniambia neno nililokuja kulitafuta. "Mwanangu, ukilala juu ya farasi mimi naona kitambaa tu. Sijui ni nani anayenisalimu. Kaa nikuone uso, ndipo nitakuitikia."

Akaja mwenyewe hospitali, yeye na wazee wenzake wawili, wakasimama kuzunguka uwanja. Saisi aliitwa, akaja na kamba yake, na mbele ya wazee wale hakusema mimi hata mara moja. Nikapanda. Dachesi akaanza kuzunguka, nikamfikia mzee wa kwanza, nikasema shikamoo, na mgongo wangu ukaanza kukunjika. Mzee akanyamaza.

Mnajua nyinyi uzito wa shikamoo isiyoitikiwa. Ilinichoma. Nikamfikia wa pili, nikainama kidogo kuliko mara ya kwanza. Kimya. Wa tatu ni mzee wa Vuga, ananitazama usoni, mdomo ameufunga. Kimya. Nilizunguka nikiwasalimu watu watatu wazima wenye masikio, na hakuna anayenijibu, machozi yananitoka, na saisi anasema kwa sauti ya chini, vuta pumzi, kaa, vuta pumzi. Wagonjwa walikuwa wametoka nje kutazama. Nikafikiri nitashuka. Kisha nikafikiri, nikishuka leo nimeshuka moja kwa moja. Nikalegeza mapaja. Nikanyoosha mgongo kuanzia kiunoni, nikamtazama mzee wa Vuga machoni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa mzee yeyote tangu nizaliwe, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nenda salama."

Na wa kwanza, marahaba. Na wa pili, marahaba. Tukazunguka tena. Saisi akamwongeza farasi mwendo, mchakamchaka, na mimi nasalimu kila ninayempita, mgongo wima, uso juu, nalia na kuimba kwa pamoja, na Dachesi hakukosea hata hatua. Wagonjwa wakaanza kuitikia nao, marahaba, marahaba, hata wadogo ambao hawakustahili. Saisi akamsimamisha farasi, akafungua kamba mbele ya macho yangu, akanirudishia vikuku na hatamu. Yule mtu wa kununua alikwenda zake akiwa na pesa zake mfukoni.

Mzee wa Vuga hakuishia hapo. Alipeleka neno kwa wazee wa kila kijiji ninachopita, kwamba mkunga wa farasi atasalimu akiwa amekaa, na aitikiwe bila kusimamishwa kwa habari za mahindi. Hilo la mahindi ndilo lililonifurahisha zaidi, maana nawapenda lakini mnaongea.

Masika yalikuwa yameshaanza niliposikia mwito wa kwanza wa maana. Mwanamke wa kijiji cha mbali, mimba yake ya kwanza, mtoto ametanguliza miguu. Ilikuwa siku ya soko, njia imejaa. Nilishuka bonde katika ukungu, utelezi mtupu, na watu wakasogea pande zote mbili, nikawa nasema shikamoo, shikamoo mama, shikamooni wazee, na marahaba zinanifuata kama wimbo wa kupokezana. Sikushuka hata mara moja. Sikuinama hata mara moja. Kwenye mteremko ule ninaoujua Dachesi aliteleza miguu ya mbele, nikamkalia wima kama nilivyofundishwa, akajiokoa na mimi nikiwa juu yake. Nilifika jua bado halijafika utosini. Mama alikuwa hai, amechoka, lakini hai, na kazi niliyoijia niliweza kuifanya. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa analia wakati wa sala, mkamgeukia mkimkunjia uso. Mwacheni alie. Mimi nikimsikia akilia nashiba.

Namshukuru Mungu aliyenishika nilipokuwa sishiki kitu. Namshukuru Sista kwa suruali na kwa kutonigombeza. Namshukuru saisi, ambaye si wa dini yetu na leo amekaa kule nyuma kwa heshima yetu, na nyimbo zetu bado anaziona nzito. Namshukuru mama yangu, ambaye sasa anaifua ile kaki kwa mikono yake na kuianika mbele ya nyumba, upande wa barabarani. Na namshukuru mzee wa Vuga. Hongea sana, baba, yaani asante sana.

Na neno langu kwenu, hasa kwenu wanawake wenzangu, ni hili. Tulilelewa kuinama, na ni malezi mazuri, mimi nikiwa kwa miguu bado nainama mpaka chini. Lakini ikiwa kazi uliyopewa haiwezekani kufanyika ukiwa umeinama, usiikimbie kazi, na usiwakimbie wazee. Nenda kwao uwaombe wakuone ukiwa umekaa wima. Wanaweza kukunyamazia kwanza. Endelea kuzunguka.

Sista anataka wasichana wengine wawili wajifunze kwenye kamba, na saisi amekubali. Wazazi wenye mabinti jasiri mnione hapo nje, lakini upesi, maana sitakaa kwa chai. Kuna mama kule ng'ambo ameanza uchungu tangu asubuhi, na Dachesi ameshatandikwa. Nikiwapita njiani nimenyoosha mgongo na kidevu kiko juu, msiulizane kama nimejivuna. Nimejivuna. Niitikieni, na mnipishe.